Waya Mweusi wa Nyumba ya Bibi Skola

Editha mwanangu,

Nadai, na nitalitetea dai hili hadi karatasi ya mwisho, kwamba mtu aliyesoma ni hatari zaidi mbele ya waya wa umeme kuliko mtu asiyesoma, na kwamba hatari hiyo haimtoki mpaka siku atakapokubali kupima hata kile anachoamini anakijua. Najua utalipinga. Umelelewa katika nyumba ambamo hata kiasi cha chumvi kwenye maharage hutetewa kwa hoja, na kesho asubuhi unapanda basi kwenda Mwanza kusomea umeme. Dai kwamba usomi unaweza kuumiza watu litakukera, kama ambavyo lingenikera mimi nilipokuwa na miaka thelathini. Soma kwanza. Safari ni ndefu, hasira utaipatia nafasi.

Mambo ya safari siyagusi. Blanketi, vyeti, dagaa wa kukaanga, namba ya shangazi yako iliyoandikwa mahali patatu: mama yako ameyasema yote, tena vizuri kuliko ambavyo ningeyaandika. Mimi ninaandika kwa sababu ya ukurasa mmoja uliomo kwenye bahasha yako, ile insha ya kujitambulisha ambayo chuo kimewataka wanafunzi wapya waje nayo. Jumapili ulinisomea hapa mezani ukaniomba nikusahihishie Kiswahili. Uliandika: "Nilichagua umeme kwa sababu nikiwa na miaka kumi na miwili jirani yetu aliumizwa na kazi mbovu ya fundi asiyesoma kutoka kambini, na baba yangu, mwalimu wa fizikia, ndiye aliyeirekebisha." Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikaongeza mkato mahali pawili, nikakurudishia.

Sentensi ile haina kosa la Kiswahili. Ina kosa jingine, na kosa hilo ni langu.

Jirani huyo, Bibi Skolastika, Bibi Skola wetu, sasa unamjua kama mtu mwenye mkono usiokunjika vizuri. Mimi nimemjua akiwa na mikono miwili mizima. Aliuguza watu hospitali ya Kabanga miaka yake yote ya kazi, na alipostaafu akanunua ile nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa zamani na daktari mgeni ambaye, inaonekana, alifika Kasulu akiwa bado anaiogopa baridi ya kwao. Ndiyo maana nyuma ya nyumba kuna kibanda, na ndani ya kibanda kuna boila: tangi la chuma, tanuri la kuni chini yake, na mabomba mawili, la kutoka na la kurudi. Maji yakishapata moto, pampu ndogo huyasukuma yaingie ndani ya nyumba. Hupita bafuni, hupita chini ya dirisha la chumba cha Mzee Anselmi, mume wa Bibi Skola, ambaye kiharusi kimemlaza upande mmoja, kisha hurudi kibandani yakiwa yamepoa, yakaanza tena.

Nilikuwa nimeuchora mzunguko huo ubaoni mara nyingi, mishale myekundu ya kwenda na ya bluu ya kurudi, bila kuuona hata siku moja. Siku ya kwanza Bibi Skola aliponiingiza kibandani, alinishika mikono kama anayempima mgonjwa, akaweka kiganja kimoja juu ya bomba la kutoka na kingine juu ya bomba la kurudi. Lile lilichoma. Hili lilikuwa na joto la mwili wa mtu.

"Unaisikia tofauti?" akaniuliza.

"Naisikia, Bibi."

"Basi hiyo tofauti ndiyo imebaki chumbani kwa mzee."

Sikuondoa viganja. Nilikuwa nimesimama kati ya mikono yangu miwili, na katikati yao alikuwapo mgonjwa asiyeonekana aliyekuwa akipata joto kutoka kwenye kuni kwa njia ya maji, na maji yalikuwa yakitembea kwa sababu mahali fulani mbali na hapa kitu kisichoonekana kilikuwa kikisukumwa ndani ya waya. Ninafundisha mambo hayo. Mpaka leo nikiyafikiria polepole, nywele za mikono husimama.

Mwezi Juni, miaka minne iliyopita, pampu ile ikafa. Chumba cha Mzee Anselmi kikawa baridi kama stoo. Bibi Skola akaagiza pampu mpya kutoka Kigoma mjini, chombo chenye ukubwa wa papai, na akamwita Fundi Bahati kuja kuifunga. Fundi Bahati ni Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Yeye ndiye aliyekuwa amevuta nyaya kutoka nyumbani hadi kibandani miaka kadhaa kabla yake, kwa hiyo aliyajua mambo ya mle ndani. Alikuja Jumamosi na kibali cha kutoka kambini kilichokuwa kinaisha saa kumi jioni. Jumuiya yetu ilikuwa imetoka kusali uani kwa Bibi Skola, watu wako kwenye mabenchi na chai. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Na mimi nilikuwa na wiki tatu tu tangu nivae joho.

Shahada ile niliihangaikia kwa miaka mingi kuliko wenzangu, nikisoma huku nikifundisha, huku nikikulea. Uliponijia nilikuwa na miaka kumi na minane tu, Kibondo, na watu wa Kibondo walisema nimekwisha. Nilipokushika siku ile, kidole chako kimoja kilizunguka kidole changu, na nilishangaa, kwa mshangao ambao haujanitoka, kwamba kitu kidogo namna ile kilijua tayari kushika. Nikaapa kwamba hakuna atakayenihesabu tena kuwa mtu aliyekwisha. Kiapo hicho kilinisomesha. Kiapo hichohicho ndicho kilichosimama nyuma ya Fundi Bahati siku ile, kikiwa na mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani.

Alifungua swichi ya ukutani. Nikaona nyaya tatu: mweusi, bluu, na ule wa kijani wenye mstari wa njano ambao ni wa ethi, wa kwenda ardhini. Mweusi ulipita kwenye swichi. Wa bluu ulikwenda moja kwa moja kwenye pampu.

"Fundi," nikasema, kwa sauti ya darasani ili mabenchi yasikie, "swichi umeiweka kwenye nyutro, si kwenye moto."

Akageuka taratibu. "Hapana, Mwalimu. Iyi nyeusi ndiyo iko na kurani. Ile ya bulu inarudisha tu." Kurani kwake ni umeme, kwa Kifaransa cha kwao.

"Nyeusi ni nyutro. Nyekundu, njano na bluu ndizo za moto. Hilo hata mtoto wa kidato cha pili analijua."

"Kwenu ndiyo, sikatae. Lakini iyi kabule ya waya ilitokea Bujumbura, ikapita Manyovu. Kule na kwetu tunafungaka vile, nyeusi kwa kurani."

"Kwa hiyo umeme unabadilika ukivuka mpaka?"

Mabenchi yakacheka. Mama Zawadi, unayemjua kwa mdomo wake, akapaza sauti: "Mbane, Mwalimu! Shahada yako si karatasi ya kufungia maandazi!"

Fundi Bahati naye akatabasamu, maana hakuwa mtu wa kununa. Akanionyesha tesita yake, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini. "Umeme haibadilike, Mwalimu. Watu ndio wanabadilikaka. Tungoje irudi, tupime, dakika moja tu tutajua."

Nami nilikuwa na tesita mfukoni, Editha. Mpya, kwenye mfuko wake wa plastiki. Ningeweza kusema: sawa, tungoje. Lakini kupima kungekuwa kukiri mbele ya watu kwamba huenda sijui. Ndipo nikasema maneno haya, na ninayaandika kama yalivyotoka kwa kuwa hujawahi kuyasikia; ulikuwa jikoni na mama yako mkiosha vikombe:

"Tupime nini? Labda huko kambini kwenu ndiyo mnapimapima. Hapa ni Tanzania. Mkimbizi hawezi kuja kutufundisha rangi za waya."

Wakacheka tena, lakini si wote.

Fundi Bahati alirudisha vyombo vyake kwenye mfuko kimoja kimoja. Hakukasirika kwa namna ambayo ningeweza kujibishana nayo. "Sawa, Mwalimu," akasema. "Naomba kitu kimoja. Umeme ikirudi, upime." Akamuaga Bibi Skola kwa mikono miwili, akaondoka. Kibali chake kilikuwa na saa za kuhesabika na mimi nilikuwa na siku nzima. Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa tayari kungoja.

Sasa nieleze kwa nini neno lile lilitoka kwangu upesi namna ile. Babu yako, baba yangu, alivuka mpaka akiwa na jembe, godoro na mke mjamzito, na yule aliyekuwa tumboni ni mimi. Uraia tuliupata nikiwa mkubwa. Shule ya msingi Kibondo nilisoma nikiitwa Mrundi, mkimbizi, na siku niliposhika namba moja darasani mwenzangu mmoja aliniuliza mbele ya wote, "Kwani na nyinyi mnaruhusiwa kuwa wa kwanza?" Nikaenda kujificha kwenye vitabu. Nikasoma kila kilichokuwa na jalada na visivyokuwa nalo, historia, falsafa, fizikia, hata magazeti yaliyofungiwa sukari, nikitafuta mahali ambapo hakuna atakayeweza kuniuliza nimetoka wapi. Nilipolipata neno lile mkononi na nikaona mtu wa kulipokea, nililitoa kama mtu anayeshusha mzigo alioubeba miaka ishirini. Nilihisi wepesi. Ukiwahi kuhisi wepesi wa aina hiyo, simama uangalie ni nani aliyeupokea mzigo.

Nikaifunga pampu mwenyewe. Nilipitisha waya wa bluu kwenye swichi, nikauunganisha ule mweusi moja kwa moja na pampu, nikafunga ethi mahali pake. Kipete cha mpira kinachobana mlango wa nyaya kilinidondoka kwenye majivu nikakikosa, kwa hiyo kifuniko cha pampu hakikukaa sawasawa. Nikakishika kwa skrubu moja. Saa saba na kitu umeme ukarudi. Nikabonyeza swichi.

Pampu ikaimba. Si kelele, ni ule mlio wa chini unaousikia zaidi kwa vidole kuliko kwa masikio. Tuliingia sote chumbani kwa Mzee Anselmi, na Bibi Skola akaweka mkono wake juu ya bomba la chini ya dirisha, akangoja, na uso wake ukabadilika kabla hajasema neno. Mzee aliyekuwa hajaongea vizuri kwa miezi akasema, "Linakuja." Nakuambia kweli, siku ile ya aibu yangu kubwa ilikuwa pia siku mojawapo nzuri kuliko zote nilizopata kuishi, na sijawahi kufanikiwa kuzitenganisha. Wewe ulirukaruka mlangoni na mikono yenye povu: "Baba kashinda! Baba kashinda!"

Hapo ndipo penye fundisho lililonigharimu zaidi, nalo halikuandikwa katika kitabu chochote nilichosoma. Kosa langu lilifanya kazi. Pampu ya nyumbani haijali. Geuza moto na nyutro, itazunguka vilevile, maji yatapata moto vilevile, watu watapiga makofi vilevile. Swichi ikiwa upande wa moto, ukizima unaukata umeme kabla haujafika kwenye pampu. Swichi ikiwa upande wa nyutro, ukizima pampu inasimama, lakini umeme unabaki umekaa mle ndani, kimya, ukimsubiri mtu. Kosa linaloharibu kazi hujulikana siku hiyohiyo. La kwangu lilikaa miezi mitano likitoa joto kwa mgonjwa, na kila nilipopita pale nilijisifu kimoyomoyo.

Na umeme uliporudi sikupima. Nilijiambia kwamba pampu inazunguka, kwa hiyo imekwisha kujibu.

Mvua zilipoanza mwezi Novemba, Bibi Skola aliona maji yakidondoka juu ya pampu kutoka kwenye paa la kibanda. Muuguzi ni muuguzi: alizima swichi kwanza, akangoja pampu ikanyamaza, ndipo akachukua kitambaa chenye unyevu akaanza kuipangusa. Kifuniko cha skrubu moja kikasogea. Umeme ulimtupa juu ya rundo la kuni. Vidole viwili viliungua, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Kabanga walimtibu vizuri, akapona, lakini mkono ule haukukunjika tena kama zamani. Mwanamke aliyekuwa akikamua kitambaa cha kumwogeshea mumewe mara mbili kwa siku akaanza kumtegemea jirani.

Nilifika kibandani watu wakiwa wamejaa. Mama Zawadi ndiye aliyesema kwanza, akilia: "Ni zile nyaya za mkimbizi! Si Mwalimu alisema siku ile? Si alisema?" Wote wakanitazama. Kulikuwa na nafasi ndefu ya kutosha neno moja. Nikainamisha kichwa, polepole, kama mtu anayesikitika kwamba aliona mbele na hakusikilizwa.

Siku ya tatu Fundi Bahati alikuja nyumbani kwetu. Habari ilikuwa imemfikia kambini, pamoja na jina lake ndani yake. Hakutaka kiti. "Twende tuangalie," alisema tu. Bibi Skola alikuwa bado hospitali, Mzee amechukuliwa na nduguze. Tulikuwa wawili peke yetu kibandani.

Nilichokiona pale nimekiona mara moja tu na nitakibeba hadi kaburini. Alichukua tesita, akaenda kwanza kwenye soketi ya jikoni ambayo kila mtu alijua ina umeme. Taa ikawaka. Akarudi kibandani, akazima swichi, akagusisha tesita kwenye pampu iliyonyamaza. Taa ikawaka. Hakunitazama. Ilikuwa ni huruma, na niliielewa hivyo palepale. Akaenda akazima breka kubwa, akavua kila nilichokifunga, akarudisha mweusi kwenye swichi na bluu mahali pake, akakata kipete kipya kutoka kwenye mpira wa baiskeli, lakini kifuniko hakukifunga kwanza, aliviacha vile vituo vya nyaya wazi apate kuvipima. Akawasha breka, akaacha swichi imezimwa, akagusisha. Giza. Nilidhani amemaliza. Lakini akatoka tena, akarudi kwenye soketi ileile ya jikoni, akaipima tena. Taa ikawaka.

"Kwa nini umerudi kule?" nikamuuliza. "Ulishaipima mwanzo."

"Tesita nayo inaweza kufa katikati, Mwalimu," akasema. "Ikikuambia hakuna kurani, unajuaje ni kurani haiko, ao ni yeye ndiye hayuko? Naiuliza mbele, naiuliza nyuma."

Editha, nimesoma vitabu vizito kuhusu namna binadamu anavyoweza kujua kwamba anajua. Nimebishana juu yake hadi nikatokwa na povu. Na hapa alikuwapo mtu aliyeacha shule darasa la sita kwa sababu ya vita, akikitilia shaka hata chombo kilichomthibitishia kwamba yeye alikuwa sahihi. Alikuwa na kila sababu ya kufurahia ile taa ilipowaka mara ya kwanza. Hakuifurahia. Aliendelea kuuliza. Kisha akaweka mgongo wa mkono wake, si kiganja, kwenye vituo vile, ndipo akafunga kifuniko kwa skrubu zote nne. Nilihisi kama mtu aliyevua kofia.

Nikamwambia nitawaeleza watu. Akafunga mfuko wake. "Mimi ninarudi kambini. Wewe ndiye unabakia na hawa watu. Utawaambia siku utaweza." Akapita njia ya nyuma ili asionekane.

Sikuwaambia. Watu walipoona boila inafanya kazi tena, walidhani ni mimi niliyeitengeneza, na sikuwasahihisha. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa mtaa wetu aliyemwita Fundi Bahati kwa kazi yoyote. Anatengeneza redio na taa za sola kambini.

Utauliza kwa nini. Nimejitetea mbele yangu mwenyewe kwa miaka minne, na kila utetezi niliujenga vizuri. Nilisema Bibi Skola asisumbuliwe akiwa anauguza mkono, mkono ukapona. Nilisema wanafunzi watapoteza imani na somo la fizikia; kana kwamba fizikia ilinihitaji nidanganye kwa ajili yake. Nilisema yeye mwenyewe aliniachia nichague siku. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu iligeuza uungwana wake kuwa kibali changu. Akili iliyozoea kushinda mabishano ni hodari sana ikipewa kazi chafu. Hicho ndicho nilichomaanisha niliposema msomi ni hatari. Asiyesoma akikosea hukosea tu. Mimi nilikosea, kisha nikalijengea kosa nyumba.

Hali hiyo ingeendelea kama usingenisomea insha yako. Niliposikia kwamba ufundi wako umesimama juu ya uongo wangu, nilikutazama mikono. Wewe uliyefungua redio ya bibi yako ukiwa na miaka tisa ukairudisha ikiongea, na skrubu moja ikabaki, na ukalia usiku kucha kwa sababu ya skrubu hiyo moja mpaka ukaifungua tena! Mtoto anayelilia skrubu moja anazaliwaje na baba aliyeishi na skrubu tatu zilizokosekana? Sijui. Nastaajabu tu, na ninashukuru kwamba kuna mambo hayarithiwi.

Juzi Jumatano nilikwenda Nyarugusu. Nilimkuta Fundi Bahati mbele ya meza yake ya redio. Nilimwambia kwamba Jumamosi hii nitasimama mbele ya jumuiya niseme yote, na kwamba namwomba aje asikie.

Alicheka kidogo. "Mwalimu, kusikia wewe unajisema? Sitakuja. Wewe unajua kusema vizuri sana. Watu watakupongeza, utaondoka mukubwa kuliko vile ulikuwa."

Baadaye akauliza: "Ule mutoto, mwenye alisema baba kashinda. Nilimusikia, nilikuwa bado niko barabarani ninangoja gari. Ako wapi?"

Nikamweleza kwamba unakwenda kusomea umeme, na kwamba insha yako inamtaja. Sikumficha maneno. Alizungusha kitufe cha redio iliyokuwa mbele yake.

"Basi nitaomba kibali kwa kusikia yeye," akasema. "Yeye atasema nini."

Jana nikaenda kwa Bibi Skola. Nilidhani atanihurumia, na nimeona aibu kwamba nilidhani hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mkono wake mbovu ukiwa mapajani.

"Miaka minne," akasema, "kila jioni namwombea yule mtu asamehewe. Kumbe nilikuwa nikimsingizia mbele ya Mungu. Umenifanya nimseme vibaya kwa rozari mkononi!"

"Nisamehe, Bibi."

"Mimi utaningoja. Kwanza useme. Kwa sauti ileile ya siku ile, usije ukanong'ona kama uko kitubioni."

Nitasema, Jumamosi, kwa sauti ile. Lakini Fundi Bahati yuko sahihi: kujisema kwangu kunaweza kuwa ushindi mwingine tu. Mtu aliyetumia maneno kumdhulumu mwenzake hawezi kuaminiwa kuwa ndiye atakayepima ukubwa wa dhuluma hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Anahitajika mtu mwingine, mwenye mikono inayolilia skrubu.

Sikuambii uichane ile insha wala usiichane. Ni yako, na sasa unayajua niliyokuwa nayajua mimi nilipoongeza mikato. Ninalokutaka ni hili, mwana wanje, mwanangu kwa lugha ya babu yako. Baada ya wiki tatu, Jumamosi, zamu ya jumuiya itarudi uani kwa Bibi Skola. Niandikie jibu, na uliandike kwao, si kwangu. Bibi Skola amekubali kulisoma kwa sauti, naye hataruka neno. Sema kama dai langu linasimama au limeanguka. Na kama unaona kwamba kosa halikuwa usomi bali mimi, nivunje kwa hoja, usinionee haya. Sema neno mkimbizi, nililomwita Fundi Bahati, lilikuwa la nani kwanza. Sema unachokwenda kufanya Mwanza, na kwa sababu ya nani. Usinipigie simu kunifariji, sitaipokea. Nitakuwa nimekaa benchi la nyuma, na mbele yangu, kibali chake kikiwa mfukoni mpaka saa kumi, atakuwa amekaa yule unayepaswa kumjibu.

Baba yako.